Ukurasa wa Nyumbani: Ningoje Mpaka Lini?



Juma hili nilikuwa nimewaahidi habari za kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu. Nisameheni, habari hiyo itangoja. Nimepata barua kutoka Kamuli, katika wilaya ya Kyerwa, ile iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na tangu niisome sijaweza kuandika jambo jingine. Mama aliyeiandika ameomba jina lake lisitiwe gazetini, nami nitatii ombi lake.

Asema mwanawe wa kiume ametimiza miezi 20. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, wala hakulia mara moja. Mkunga alimhangaikia kitambo ndipo akapumua. Sasa mtoto huyo hasimami bila kushikwa. Akinyanyuliwa, miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi. Mkono wa kushoto huufumba ngumi mchana kutwa. Lakini, asema mama, mtoto anacheka, anamtambua baba yake kwa mlio wa pikipiki, na kuku akipita mlangoni anamwonyesha kwa kidole.

Mama mkwe wake amwambia, "Tulia, mwanangu, wanaume wa ukoo huu huchelewa." Jirani asema mama alivunja mwiko wakati wa mimba. Baba wa mtoto hasemi neno. Mwisho wa barua yameandikwa maneno matatu tu: Ningoje mpaka lini?

Dada yangu mpenzi, usingoje. Nitakueleza kwa nini, na pamoja nawe nitawaeleza akina mama na akina baba wengine ambao wana swali hilo moyoni ila hawajapata ujasiri wa kuliandika.

Kwanza nikiri kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nakufundisha kama mtu asiyekosea. Binti yangu wa tatu alikuwa mtoto mzuri, mwenye afya, aliyetembea mapema. Lakini nilipomwita hakuitika. Nilipomtuma alinitazama tu. Nikasema ana kiburi, nikamchapa. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha mara kwa mara tangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja, nami nilikuwa nikiyafuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi zangu. Alipofika miaka 4, mwalimu wa watoto wadogo alisimama nyuma yao akapiga makofi kwa nguvu. Watoto wote waligeuka isipokuwa wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona kwa macho yangu.

Siku ile nilizikumbuka fimbo zote, moja moja. Leo binti huyo ni mtu mzima, ni fundi cherehani, na ana watoto wake. Amenisamehe zamani. Lakini miaka ile ambayo mtoto hujifunza maneno, mimi sikuweza kumrudishia. Ndiyo maana nasema kwa nguvu: usingoje.

WATOTO HAWALINGANI, LAKINI KUNA MPAKA

Ni kweli kwamba watoto hawakui sawasawa kama mahindi ya shamba moja. Mama mkwe wako hakusema uongo. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza lililoyaona. Wako waliotembea peke yao kabla ya miezi 9, na wako waliotembea karibu na miezi 18. Wote walikuwa wazima. Tena watoto wapatao 4 katika 100 hawakutambaa kabisa; waliruka hatua hiyo wakasimama moja kwa moja.

Lakini uchunguzi huo huo waonyesha mpaka. Katika kila watoto 100, 99 walikuwa wanakaa bila kuegemezwa walipofika miezi 9 na siku chache. Waliosimama peke yao kabla ya kutimiza miezi 17 walikuwa pia 99, na kabla ya kutimiza miezi 18 idadi hiyo hiyo walitembea. Basi mtoto aliyevuka mpaka huo yafaa apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kumpeleka si kusema kwamba ana ugonjwa. Ni kuuliza. Ukiambiwa ni mzima, umepoteza siku moja tu. Ukiambiwa ana shida, umeokoa miaka.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Kata ukurasa huu, mama, uuweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Miezi 3: hatazami uso wa mama, hatabasamu, wala hashtuki kwa kelele kubwa.

Miezi 5: shingo bado haijakaza, kichwa chaanguka.

Miezi 6 hadi 7: hanyoshi mkono kushika kitu, hageuki anaposikia sauti.

Miezi 9 hadi 10: hakai peke yake, hatoi zile sauti za ba-ba na ma-ma.

Mwaka 1: hageuki akiitwa jina lake, hapungi mkono, hatoi ishara yoyote ya kutaka kitu.

Mwaka 1 na nusu: hatembei, hana hata neno moja, haonyeshi kitu kwa kidole.

Miaka 2: haungi maneno mawili, kama vile "mama njoo", wala haigi yale mnayoyafanya nyumbani.

Miaka 3: watu wa nyumbani hawaelewi asemalo, wala hajali kucheza na wenzake.

Kuna alama nyingine ambazo hazingojei umri. Mtoto ambaye mwili wake ni mgumu kama ubao, au mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Mtoto atumiaye mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka. Mtoto apaliwaye kila anapolishwa. Mtoto apatwaye na degedege. Mtoto ambaye kichwa chake chakua upesi kuliko mwili. Na zaidi ya yote, mtoto aliyekuwa akifanya jambo, kisha akaliacha: alisema, sasa hasemi, alikaa, sasa haketi. Huyo apelekwe upesi bila kungoja hata juma moja.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, hesabu umri wake tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka 2. Aliyewahi kwa miezi miwili hawezi kulinganishwa na mwenzake aliyetimiza miezi tisa tumboni.

NANI ALIYEKOSA?

Sasa nasema na jirani yako, na wote wanaosema kama yeye. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi waliuliza swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake? Jibu walilopata liliwaondoa wote wawili hatiani. Basi nasi tuwache kumtafuta mkosaji, tutafute sababu.

Sababu zajulikana nyingi. Mtoto aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa huenda ubongo wake ukaumia, akapata kile kinachoitwa mtindio wa ubongo. Manjano makali ya mtoto mchanga yakiachwa bila tiba huharibu ubongo na masikio. Vivyo hivyo malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo. Masikio yenye usaha huzuia maneno, kama yalivyozuia ya binti yangu. Wako watoto waliozaliwa hivyo, na wako wenye usonji, ambao hawapendi kutazamana macho na hurudia jambo moja siku nzima. Mimba iliyokosa madini joto yaweza kumzaa mtoto mwenye akili nzito. Ndiyo sababu twahimizwa kununua chumvi iliyotiwa madini hayo.

Tena kuna njaa iliyojificha. Sisi wa Kagera hatukosi ndizi. Mgomba hautuachi mwaka mzima, na mtoto hulala ameshiba. Lakini tumbo lililojaa ndizi tupu halijengi mwili wala ubongo. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 katika 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na katika mkoa wetu wa Kagera karibu 34. Mkoa wenye chakula tele wapita wastani wa nchi kwa udumavu! Basi katika sufuria ya ndizi za mtoto tia maharage yaliyopondwa, tia dagaa waliosagwa, tia karanga, tia mboga za majani. Yai la kuku wako lisiende sokoni lote. Moja libaki kwa mtoto.

Kuna mambo mawili ambayo hayasaidii kamwe. La kwanza ni kumkata mtoto kilimi au kumpasua chini ya ulimi ili aseme. La pili ni kumtoboa ufizi kuondoa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizo, na maneno hayaji.

WAPI PA KWENDA

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Usingoje siku ya kupima uzito. Nenda kwa kusudi hilo moja. Sema waziwazi: "Mwanangu ana miezi 20, hasimami, na alikawia kulia alipozaliwa." Maneno hayo mafupi yatamfaa mganga kuliko hadithi ndefu. Omba barua ya kwenda hospitali. Karibu nawe iko Isingiro, na upande wa Karagwe ziko Nyakahanga na Nyakaiga. Wakiona jambo limewazidi, watakupeleka hospitali ya mkoa Bukoba, au Bugando, Mwanza. Sera ya Serikali ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vyake. Nauli ndiyo mzigo, najua, lakini ni bora kuuza mkungu mmoja zaidi kuliko kupoteza mwaka.

Uliza habari za mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Uliza pia kama kuna watu wa utengemao wanaozunguka vijijini. Huko Karagwe kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi, ya kuwafuata watoto nyumbani na kuwafundisha wazazi wao. Mtoto asiyesikia ana mahali pake pa kusoma pia. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, na katika mkoa wetu iko ya Mugeza, Bukoba. Wala si hisani tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kutibiwa na kusomeshwa kama wenziwe.

KAZI ILIYO NYUMBANI

Labda utasema: hospitali nitakwenda mara moja kwa mwezi, siku nyingine nifanye nini? Hapo, dada, ndipo penye kazi kubwa, nayo ni yako na ya watu wa nyumba yako.

Katika kijiji cha Kokwet, huko Kenya, mtaalamu mmoja aitwaye Charles Super aliwatazama akina mama wa Kikipsigis, na mwaka 1976 akaandika aliyoyaona. Akina mama wale walichimba shimo dogo ardhini, wakamketisha mtoto ndani yake ili mgongo wake upate egemeo, wakatia na blanketi. Walifanya hivyo kila siku, na kadhalika walimfundisha kutembea kwa kumshika. Watoto wao walikaa na kutembea karibu mwezi mzima kabla ya watoto wa Marekani. Lakini kwa kutambaa hawakuwatangulia, maana hawakufundishwa hivyo. Waona? Mwili wa mtoto hufuata mafunzo. Na ikiwa mtoto mzima hufaidiwa hivyo, je, yule anayechelewa?

Habari nyingine yatoka mbali, huko Jamaika. Miaka ya 1980 watoto 129 waliodumaa walichaguliwa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma kwa miaka miwili, na mgeni yule hakuleta kitu cha ajabu. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kusema naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba watoto wale, walipokuwa watu wazima, walipata mshahara uliozidi wa wenzao ambao hawakutembelewa kwa asilimia 25. Kucheza tu!

Basi kwa mtoto wako fanya haya, ukisikiliza pia atakayokwambia mtaalamu.

Usimwache amelala chali mchana kutwa akitazama dari. Mbadilishe: kitambo kwa tumbo, kitambo kwa ubavu, kitambo ameketi. Mwegemeze kwenye kona ya ukuta, au umketishe mapajani mwako miguu imeachana.

Mbebe mgongoni kwa kanga kama bibi zetu walivyofanya. Kwa mtoto ambaye miguu yake hupishana, kubebwa hivyo kwaitenga miguu, tena anaona dunia toka juu ya bega lako.

Unapomlisha, awe ameketi, kichwa kimeinama mbele kidogo. Usimlishe akiwa amelala, maana chakula kitaingia njia ya pumzi. Chakula kiwe laini, kijiko kiwe kidogo, nawe usiwe na haraka.

Kiungo kilichokakamaa usikivute kwa nguvu. Kilegeze polepole, kwa mkono wenye joto, mara nyingi kwa siku. Ule mkono wa ngumi mpe kitu cha kupendeza: ganda la ndizi, kitambaa, mkono wa baba yake.

Mwambie baba wa mtoto akate miti miwili myororo, aifunge kwenye nguzo kama ua, kwa kimo cha kiuno cha mtoto, nafasi ya kupita katikati. Mtaalamu akikubali kwamba wakati umefika, hapo mtoto atajifunza kusimama akijishika. Nimeona kifaa hicho uani mwa watu. Gharama yake ni panga na kamba ya mgomba.

Zungumza naye. Unapomenya ndizi mwambie unamenya ndizi. Unapoanika kahawa, mtie buni mkononi umtajie. Umesema anamwonyesha kuku kwa kidole. Basi akinyosha kidole, usinyamaze. Sema, "Kuku! Kuku mwekundu!" Ngoja, mpe nafasi ya kujibu, hata kwa sauti isiyo neno. Wadogo wa jirani wampelekee mpira wa majani makavu ya mgomba. Hakuna mwalimu ampitaye mtoto mwenziwe.

Kama ana kifafa na amepewa dawa, dawa isikatizwe hata siku moja kwa sababu amepata nafuu.

Na usimfiche. Mlete kanisani, mlete sokoni, mlete arusini. Watakaomshangaa juma hili, juma la nne watamzoea, na juma la kumi watamwita kwa jina.

NENO KWA BABA WA MTOTO

Bwana, nasema nawe kwa heshima. Mkeo hakuandika kwamba wewe ni mtu mbaya. Aliandika kwamba hunena neno. Labda huna la kusema kwa sababu unaogopa, nami naelewa. Lakini soma tena barua yake: mtoto wako anautambua mlio wa pikipiki yako. Kabla hujafika mlangoni yeye ameshajua ni wewe, na anafurahi. Mtoto wa namna hiyo hakukosa akili ya kupenda. Siku ya kwenda hospitali, usimpe mama nauli tu. Mpakie wewe mwenyewe, ukae naye mbele ya mganga, usikie kwa masikio yako. Mazoezi ya jioni yafanye wewe. Mama amechoka.

Nawe mama mkwe, wewe ndiwe nguzo ya nyumba. Ukisema "ngoja", wote watangoja. Ukisema "twendeni", wote watakwenda. Umelea wengi, sema neno hilo.

Dada yangu wa Kamuli, mimi si daktari, wala siwezi kumpima mtoto kwa barua. Sikuahidi kwamba atakimbia. Wako watoto wa namna yake ambao hatimaye wametembea, wako waliotembea kwa magongo, na wako waliokaa katika kiti chenye magurudumu wakasoma shule na kuwasaidia wazazi wao. Atakapofika hajulikani. Ila ninajua kwamba ataondoka hapo alipo, kama mtaanza sasa.

Umeuliza ungoje mpaka lini. Mimi nilingoja miaka minne, nikiwa na fimbo mkononi. Wewe umengoja miezi 20, nawe una kalamu mkononi. Umenipita kwa mbali. Kesho asubuhi mfunge mgongoni, mwende.

Ukirudi, niandikie walivyokwambia. Nitangoja barua yako kuliko nilivyongoja barua yoyote. Habari za maharage tutazizungumza juma lijalo, Mungu akipenda.

Mzazi mwenzenu